Daraja Tulilipimia Maji Mafu

Kabla hatujaanza kutembeza wageni kwenye mikoko ya kijijini kwetu, tulikwenda Gazi, huku huku Kwale, pwani ya Kenya, kuwatazama akina mama waliotutangulia. Wana daraja la mbao ndani ya mikoko. Mgeni anapita juu ya matope bila kuvua viatu, anaonyeshwa miti, kisha anakula samaki kwa wali wa nazi. Tulirudi kijijini na hamu kubwa, na haraka kubwa zaidi.

Mimi ndiye mweka hazina wa chama chetu. Msitu si mali yetu, kwani mikoko ya Kenya ni msitu wa serikali tangu 1932, kwa hiyo hata nguzo za daraja hatukuzikata humo. Tulinunua mivinje. Mwezi wa pili tukashuka horini, pale bahari inapoingia ndani ya mikoko, tukatia alama pale maji yalipofika yakijaa, tukaongeza shubiri mbili, tukapigilia mbao. Mwezi wa tatu bamvua, yale maji makuu ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu, likaja usiku. Asubuhi tulikuta mbao zimenasa kwenye mizizi kama nguo zilizoanikwa, na nyingine hatukuziona tena hadi leo.

Shangazi yangu, mchokoaji wa pweza tangu usichana wake, alicheka mpaka akakaa chini. "Mwanangu, daraja hilo mmelipimia maji mafu."

Nikanyamaza. Maji mafu ni ya siku zile bahari haijai sana wala haipwi sana, na ndizo tulizotilia alama. Kwetu, siku za bamvua, tofauti ya maji kupwa na kujaa hupita mita 3, na mabamvua ya mwezi wa tatu na wa tisa ndiyo makubwa kuliko yote. Kila mvuvi analijua hilo. Sisi tuliita fundi, tukachonga mhuri wa chama, mvuvi hatukumwita hata mmoja.

Daraja la pili alilipima shangazi mwenyewe. Hakutumia futi: alitazama majani ya chini ya mikoko, pale doa la matope linapokoma, akafunga uzi, tukangoja bamvua jingine lije liushuhudie. Daraja hilo bado lipo.

Kumbe lilibaki tatizo la saa. Madereva wa Diani walituletea wageni kwa saa za hoteli, baada ya chai au baada ya chakula cha mchana. Siku moja familia ilifika saa kumi alasiri, mwezi mpevu, watoto wakitaka kuona kaa. Kaa walikuwa chini ya maji yaliyogusa majani. Niliona haya kupokea hela zao.

Shangazi akanikalisha barazani, akanihesabia. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, bahari hupwa kama saa nne asubuhi na kujaa kama saa kumi. Kila siku saa hizo husogea mbele, karibu saa nzima. Basi siku za bamvua asubuhi tunatembeza wageni darajani, alasiri tunawaingiza kwa mtumbwi. Wiki moja baadaye mambo hugeuka, na maji mafu hayaifikishi mitumbwi kwenye mikoko ya ndani iitwayo mikandaa. Siku hizo tunawaambia madereva waziwazi, leteni wanaotaka kula na kusikiliza hadithi. Za hadithi tunaye bingwa, mkata boriti wa zamani. Akiutazama mti anakwambia huu ungetoa fito, ule pau, ule nguzo, na wageni humsikiliza kuliko mimi na majina yangu ya kitabuni.

Karatasi za kwanza za ratiba nilizipeleka kwenye ofisi za hoteli, zikapotelea mezani. Siku hizi kila mwezi ukiandama nawapa madereva wenyewe kadi ndogo, wanaitundika kwenye kioo cha gari. Huko ndiko wageni walikoanza kuongezeka.

Shangazi tunampa posho ya kuhesabu mwezi. Mjumbe mmoja alilalamika kikaoni: tunamlipaje mtu kwa kutazama mbinguni? Sikubishana naye. Kwenye daftari posho hiyo nimeiandika chini ya matengenezo ya daraja.