Ribiti mbaya: lini uitoe, lini uiache

Watu wakisikia kwamba najenga ndege gerejini kwangu huku Minnesota, swali la kwanza huwa ni injini. La pili ni kama mke wangu ameridhia. Hakuna anayeuliza habari za ribiti, vile vijiti vya alumini vinavyogongwa kuunganisha mabati, na ribiti ndiyo kazi yenyewe. Ndege ninayojenga ni RV-7 ya watu wawili wanaokaa bega kwa bega, inayouzwa kwa makasha ya vipande na kampuni ya Van's Aircraft ya Oregon. Mabati yanakuja yameshakatwa na kutobolewa. Kazi yako ni kupitisha drili tena kwenye matundu, kulainisha kingo, kupaka praima na kugonga ribiti kwa maelfu. Ndege za jamii hii ya RV zilizokwisha kuruka zinapita 10,000, kwa hiyo mchoro hauna neno. Mkono wako ndio wa kutiliwa shaka.

Baada ya kumaliza mkia na sehemu kubwa ya bawa la kushoto, naamini jambo moja: mjenzi mpya huharibu zaidi anaporekebisha kuliko anapojenga. Ribiti iliyolala upande kidogo itashika tu. Tundu lililotanuka kwa sababu ulikuwa unaing'oa ribiti hiyo halirudi lilivyokuwa.

Kwenye mabati ya juu ya mabawa inatumika sana ribiti ndogo ya kichwa bapa, AN426AD3, yenye unene wa inchi 3/32, kama milimita 2.4 hivi. Mmoja anashika bunduki ya upepo upande wa kichwa, mwenzake anakandamiza pande la chuma upande wa nyuma, na mkia wa ribiti unavimba mpaka unakuwa kichwa cha pili. Kichwa hicho kinatakiwa kiwe na upana wa mara 1.5 ya unene wa ribiti, na kimo cha nusu ya unene huo. Kwa hii ndogo ni milimita 3.6 kwa 1.2. Kuna kipimo kidogo cha bati cha kuhakikishia, kinauzwa kwa bei ya chai. Kinunue kabla ya bunduki, kwa sababu jicho lililochoka saa nne usiku litakuambia kila ribiti ni mbaya.

Mwanzoni ribiti zangu nyingine zilikuwa zinapasuka ukingoni. Mjomba wangu ni fundi bati Tanga, amegonga ndoo na majiko tangu sijazaliwa, nikampigia simu. Nikamwamkia, nikamweleza. Akauliza, “Unaigonga kwa woga, mjomba?” Nikamwambia nimepunguza upepo wa kompresa nisije nikabonyeza bati. “Basi ndiyo hivyo. Ukiibembeleza inakuwa ngumu. Piga ikolee, uache.” Alikuwa sahihi hata kwa ndege ambayo hajaiona. Ribiti za aina ya AD ni za aloi laini ya alumini iitwayo 2117, na kila pigo linazidi kuzikaza. Mapigo mengi dhaifu yanaifanya iwe ngumu kabla haijajaza tundu. Nikapandisha upepo mpaka karibu psi 40 (paundi 40 kwa inchi ya mraba), ribiti ikawa inakaa kwa mbofyo mmoja mfupi. Bunduki zinatofautiana, kwa hiyo usichukue namba yangu kama msahafu. Chukua vipande vya mabaki ujaribu.

Pande la chuma nalo si la kuokota popote. La tungsteni ni ghali, lakini ni dogo na zito, linaingia penye mbavu za bawa ambapo la chuma cha kawaida halifiki. Hiki ndicho kifaa pekee ambacho nimewahi kumwambia mke wangu bei yake bila kupunguza.

Sasa ribiti imeharibika. Kabla hujashika drili, jiulize: kichwa kimekaa sawasawa kwenye bati? Mabati mawili yamebanana bila nafasi katikati? Mkia una upana wa kutosha hata kama umeegemea upande? Kama majibu ni ndiyo, endelea na kazi. Mshauri wa kiufundi wa EAA, chama cha wajenzi wa ndege za nyumbani, aliyekuja kunikagua, mzee aliyestaafu ufundi wa ndege za abiria, alipitisha kidole kwenye safu nzima ya bawa, akasimama kwenye ribiti niliyokuwa nimeizungushia kalamu nyekundu, akaifuta ile kalamu kwa kidole gumba. Huduma hiyo ya washauri ni ya bure kwa wanachama. Mwite mapema, bati likiwa bado wazi pande zote mbili.

Ukiona mabati hayajabanana au kichwa kimeinuka, hapo itoe. Weka biti namba 40 katikati kabisa ya kichwa, toboa kina cha kichwa tu, kisha ingiza kipini cha unene uleule ukiegemeze pembeni, kichwa kikatike. Hapo ndipo wengi wanachukua nyundo na kuusukuma mkia utoke, na ubavu mwembamba ulio nyuma unajikunja. Mimi naendelea kutoboa shina lenyewe polepole mpaka linabaki kama ganda, halafu naivuta kwa koleo kutoka nyuma. Inachukua muda, ila ubavu haupati hata mkwaruzo. Tundu likitanuka pamoja na juhudi zote, zipo ribiti za NAS1097 zenye shina nene na kichwa kidogo, ambazo zinaingia mahali pa ile ndogo bila kubadilisha bonyeo la bati ambamo kichwa kinazama. Weka pakiti moja kabatini. Usizitumie ovyo karibu na ukingo: kutoka katikati ya tundu hadi mwisho wa bati kunatakiwa kubaki angalau mara mbili ya unene wa ribiti, na shina nene linakula nafasi hiyo.

Kubonyeza matundu ndiko kulikoniletea hasara ya kweli. Ili kichwa bapa kizame, kila tundu linabonyezwa kwa vyuma viwili, dume na jike, ukipiga nyundo juu ya fremu ndefu. Bati la usukani wa mkia ni refu na linachezacheza. Rafiki yangu alikuja kunisaidia, mimi nashika bati, yeye anapiga. Bati likaruka kidogo kutoka kwenye ncha, nyundo ikashuka, tukapata tundu la pili lililogusana na la kwanza, umbo la namba nane. Hilo haliachwi. Niliagiza bati jipya, na rafiki yangu akanunua pizza. Tangu siku hiyo fremu imezungukwa na meza ya mbao yenye zulia, kimo kimoja na chuma cha chini, bati linalala lenyewe bila mtu kulibeba. Na anayepiga nyundo ndiye anayeshika bati. Mikono ya watu wawili kwenye kazi ile ni mingi mno.

Mengine nayataja kwa haraka. Usichore alumini kwa penseli, kaboni yake inaleta kutu; tumia kalamu ya wino. Andika KUSHOTO na KULIA kwenye kila kipande kabla ya kukibonyeza, maana vipande vingi vinafanana mpaka siku ya kuvifunga. Plastiki ya bluu inayofunika bati isikae miaka, unyevu unajificha chini yake. Na piga picha ukiwemo ndani ya picha: FAA, mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani, inataka ushahidi kwamba sehemu kubwa ya ndege umeijenga mwenyewe kwa kujifunza au kujiburudisha, ile inayoitwa kanuni ya asilimia 51.

Nimefika kwenye tangi, na hapa msimamo wangu unageuka. RV-7 ina tangi moja la mafuta kwenye ukingo wa mbele wa kila bawa, galoni 21 kila moja, na bati la bawa ndilo ukuta wa tangi. Kila ribiti ni njia ya mafuta kutoka. Kinachozuia ni gundi ya polisalfaidi, sehemu mbili zinazochanganywa 10 kwa 1 kwa uzito. Kwa uzito, si kwa kukadiria. Nilichukua mizani ya kupimia unga wa keki, na haikurudi jikoni. Koroga mpaka rangi iwe moja bila michirizi. Ikichanganyika ina ugumu wa uji wa muhogo uliopoa, inanuka mayai viza, na inasafiri. Nilivaa glavu mbili mbili, nikawa navua za juu kila zikichafuka, na bado asubuhi mke wangu alinionyesha alama nyeusi ya kidole kwenye mpini wa friji. Ipo mpaka leo.

Baridi ya huku inaleta mtihani wake. Gundi hii haikauki upesi kwenye baridi, kwa hiyo unataka gereji iwe na joto. Lakini unasafishia kwa MEK, kiyeyusho cha kuondolea mafuta na uchafu, ambayo mvuke wake unashika moto, na hita yangu ni ya gesi yenye ndimi za moto. Vitu hivyo viwili havikai chumba kimoja. Nilipasha gereji kwanza, nikazima hita na gesi yenyewe, nikafungua mlango nusu, nikasafisha, nikasubiri harufu iishe, kisha nikaendelea kwa hita ya umeme ya mafuta.

Kupima uvujaji unaziba njia zote, unafunga puto kwenye mojawapo na kujaza upepo kidogo sana, maana tangi haliwezi kustahimili hata shinikizo la gurudumu la baiskeli. Usiamini puto peke yake. Lilinywea usiku na kuvimba tena mchana jua lilipopiga gereji, na kunywea huko hakukutokana na tundu. Maji ya sabuni ndiyo yaliyosema ukweli: mapovu madogo yalikuwa yanachipuka kwenye skrubu mbili za mfuniko wa ukaguzi, ule ulio upande wa mwili wa ndege.

Hapo hakuna kuacha. Na kupaka gundi kwa nje juu ya povu hakuponyi kitu, mafuta yataisukuma kutoka ndani. Niliufungua mfuniko kwa kisu cha plastiki na hewa ya moto, nikakwangua gundi yote ya zamani, nikapaka upya, na safari hii kila skrubu nikaizamisha kwenye gundi kabla ya kuikaza. Nikasubiri wiki nzima kwa sababu ya baridi. Mapovu hayakurudi. Tangi la kulia liko mezani, mbavu zake zimesimama kwenye vibanio, na gundi yake sitaichanganya mpaka Mei.