Usiku Selous Ilipogawanywa

Ijumaa ya tarehe 26 Julai 2019 nilikuwa Liwale kwa mjomba wangu, nikimsaidia kupuliza salfa kwenye mikorosho. Usiku, akiwa bado na unga wa njano kwenye nyusi, aliniagiza nifungue redio tusikilize taarifa ya habari ya saa mbili. Ilikuwa habari ya Rais John Magufuli, ambaye siku hiyo aliweka jiwe la msingi la mradi wa bwawa la umeme kwenye Mto Rufiji, na hapo hapo akaagiza Pori la Akiba la Selous ligawanywe, sehemu yake iwe hifadhi ya taifa yenye jina la Mwalimu Nyerere, kwa kuwa aliona taifa halinufaiki inavyostahili na uwindaji wa kitalii.

Mjomba alipunguza sauti ya redio, akanyamaza. Alikuwa bwana nyama kwa zaidi ya miaka ishirini, na mwaka 1989, serikali ya Rais Ali Hassan Mwinyi ilipoanzisha Operesheni Uhai, aliingia porini pamoja na wanajeshi na polisi kuwasaka majangili. Si mtu wa kusimulia mambo hayo, lakini usiku ule alisimulia jinsi walivyokuwa wakinusa mzoga kabla ya kuuona, kisha wakamkuta tembo uso umechongwa kwa shoka, pembe zimekwenda, nyama yote imeachiwa tai. Selous iliyokuwa na tembo zaidi ya 100,000 katikati ya miaka ya 1970 ilibaki na wapatao 13,000 ilipofanyika sensa ya mwaka 2013.

"Kauli ya Rais ni nzito, mpwa wangu," alisema. "Kwenye kitalu cha uwindaji, mwenye leseni anaua kihalali, kwenye hifadhi ya taifa hakuna anayeruhusiwa kuwinda. Ila sisi wakati ule amri ilikuja na magari, mafuta na posho. Na hii ije navyo."

Hifadhi ilianzishwa mwaka huo huo, ikiwa na kilomita za mraba 30,893, na hadi leo naamini uamuzi ule ulikuwa sahihi. Lakini wakulima wa mpakani, ambao tembo huwamalizia mihogo, walistahili kutajwa usiku ule, na katika habari tuliyoisikia sisi hawakutajwa.

Asubuhi tulikuta nyayo shambani. Mjomba alichuchumaa, akazungusha kamba ya katani kwenye unyayo wa mguu wa mbele, akanipa niipime: mita moja na nusu. Mabwana nyama huzidisha mara mbili kupata kimo cha tembo begani.

"Mita tatu," alisema, akiikunja kamba taratibu. "Dume zima. Hili liliponea wapi miaka ile?"