Yai la Shangazi

Juzi, tuliporudi Mombasa kutoka kwenye arobaini ya Shangazi kule Ukunda, kitinda mimba wangu alitoa mkobani kitu kilichokuwa cheupe zamani na sasa kina rangi ya chai ya maziwa, akakigonga mara tatu kwenye ukingo wa meza ya jikoni, kisha akaniuliza kwa nini yai la Bibi halivunjiki. Alikuwa amelichukua kwenye tenga la kuku bila kumwomba mtu ruhusa. Nililipokea, nikalisugua kwa kidole gumba, na chini ya uchafu wa miaka nikaviona vile vishimo vidogo vidogo vinavyousaidia mpira wa gofu kuruka mbali, pamoja na mstari wa wino wa bluu ambao mwenyewe aliuchora ili asiuchanganye mpira wake na wa mwenzake. Nilimwambia mtoto akanawe mikono. Sikumwambia kwamba mpira ule niliuona ukiokotwa, Jumamosi moja ya mwezi wa Agosti mwaka 2007, wala kwamba saa chache kabla ya kuokotwa kwake nilisema neno moja ambalo mpaka leo sijapata pa kuliweka.

Wakati ule nilikuwa karani wa hesabu katika kampuni ya bima, na kampuni ilikuwa imewaalika wateja wake wakubwa kucheza gofu Diani kwa siku mbili. Mimi sikuwa mchezaji. Nilitumwa kuandikisha majina na kujumlisha alama. Nilipaswa kulala kwa Shangazi, ambaye nyumba yake haikufika mwendo wa saa moja kwa miguu kutoka hotelini, lakini mteja mmoja alighairi siku ya mwisho, chumba chake kilikuwa kimekwisha kulipiwa, na meneja akaniambia nikalale mimi. Nakiri kwamba sikusita hata kidogo. Nilimpigia Shangazi simu nikiwa ndani ya feri ya Likoni, nikamweleza kwamba nimepewa chumba hotelini. Alinyamaza kidogo, kisha akauliza kama huko kuna chandarua. Nilicheka, nikamjibu kwa majivuno ya kijana mwenye tai shingoni kwamba aje kesho ajionee mwenyewe.

Mahali penyewe tulipajua tangu utotoni, ila tulipajua kwa nje, kama mtu anavyoijua nyumba ya jirani mkali. Tulijua mahali ambapo ua ulikuwa na tundu, tulijua mlio wa mpira unapopigwa vizuri na unapopigwa vibaya, na tulijua ni kedi yupi, yaani mbeba mifuko ya wachezaji, angeinunua mipira tuliyookota vichakani bila kutuuliza imetoka wapi. Kwa hiyo nilipopitishwa langoni ndani ya gari la kampuni, nilihisi kama mtu aliyeingia kwenye picha iliyotundikwa ukutani kwao.

Chumba chenyewe sitakieleza sana. Kilikuwa na kitanda ambacho nililala nimekikingama bila miguu yangu kufika ukingoni, mito sita, na taulo mbili zilizokunjwa kwa umbo la bata waliogusana midomo, ambazo nilizionea haya kuzikunjua nikajifutia shati. Baraza ilitazama bahari, na kusi lilivuma usiku kucha likiuleta mwani ufukweni. Saa kumi za alfajiri niliamshwa na sauti ya maji yakinyunyiziwa nyasi, nikadhani ni mvua, nikainuka nusu usingizini kwenda kuanua nguo ambazo sikuwa nimezianika.

Asubuhi, wachezaji wa kwanza walipokuwa tayari uwanjani, niliketi kupata kifungua kinywa pamoja na meneja na wateja wawili wa kutoka Nairobi, waliokuwa wakibishana kuhusu hendikapu, yaani mikwaju ya nafuu, ya mwenzao ambaye hakuwapo. Kima mmoja alikuwa ametoka kunyakua kipande cha mkate kwenye meza ya jirani, na askari wa manati alikuwa akimfukuza huku wageni wakipiga picha. Mimi nilikuwa na kipande cha tikiti maji kwenye uma. Ndipo kijana wa mapokezi aliponijia, redio ya mkononi ikiwa imening'inia kiunoni, akainama karibu na sikio langu kama alivyofundishwa.

"Samahani, Bwana. Pale getini kuna mama mmoja amebeba kapu. Anasema yeye ni shangazi yako. Wanauliza kama wamruhusu."

Alisema kwa upole, lakini upole mwingine husikika meza nzima. Mmoja wa wateja aliacha kupaka siagi. Meneja hakunitazama, naye kutonitazama kwake nilikuona. Nikaliona lile kapu bila kuwa nimeliona: kapu la ukindu lililofunikwa kitambaa, ndani yake vitumbua, kwa sababu Shangazi hakuwahi kwenda mahali mikono mitupu, hata mahali ambapo chakula kilikuwa kimepangwa juu ya meza ndefu kama ya harusi. Niliziona pia ndara zake. Tone la maji ya tikiti lilidondoka kutoka kwenye uma wangu likaanguka juu ya kitambaa cheupe cha meza, likaanza kupanuka taratibu, nami nikalitazama mpaka likafikia ukubwa wa sarafu ya shilingi. Sijui ni sekunde ngapi. Najua tu kwamba kijana yule alipata muda wa kuuhamisha uzito wake kutoka mguu mmoja kwenda mwingine.

"Ndiyo," nikasema. "Namfahamu."

Kijana akaendelea kusubiri, kama mtu aliyepewa sentensi isiyokwisha. Kisha akainua redio mdomoni, palepale mezani, akasema: "Mgeni anasema anamfahamu. Mruhusu."

Niliondoka mezani, nikaifuata njia ya minazi hadi langoni. Askari, ambaye sina kosa lolote la kumtia, alikuwa amempa Shangazi kigoda chake mwenyewe, naye akisimama, na wawili hao walikuwa wakizungumza Kidigo kwa furaha. Redio yake ilikuwa kifuani. Nilipokuwa bado hatua kumi kutoka pale, ilikoroma ikatangaza kuwa gari la samaki limefika mlango wa jikoni, na kila neno nililisikia waziwazi.

"Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Umekonda."

Yaliyofuata yalikwenda haraka. Nilimwonyesha chumba, akalikandamiza godoro kwa ngumi kama anayelijaribu embe, akataka kujua ni nani anayekunja taulo zile na kama analipwa zaidi kwa ajili ya bata. Alikunywa chai, akasema maziwa yake yamechoka. Kwenye ukumbi wa mapokezi alisimama muda mrefu, shingo nyuma, akilitazama paa. Kwa miaka mingi Shangazi alikuwa akishona makuti ya viungo, akiyakunja moja moja juu ya upapi na kuyafunga, kisha mawakala walikuja na lori kuyachukua na kuyapeleka kwenye mahoteli ya pwani yote ile. Nilimwuliza kama yale yalikuwa yake. Alinitazama kama niliyeuliza swali la kitoto, akaniambia kwamba kuti likishapandishwa juu halina mwenyewe, ila haya yameshonwa na watu wenye haraka, nafasi ni pana mno, na msimu wa masika tutaona. Mhudumu aliyekuwa akipita na sinia alitazama juu naye.

Baada ya hapo nililazimika kurudi kwenye meza yangu ya alama, na Shangazi akasema angependa kuona hicho wanachokifanya watu wazima na fimbo. Tulivuka barabara chini ya lile daraja la kamba ambalo mbega huvukia ili wasigongwe na magari, tukaingia uwanjani. Nilikuwa nimezisoma sheria usiku ule, basi nikamweleza kwamba mashimo ni 18, kwamba mchezaji mzuri anatakiwa kuyamaliza yote kwa mikwaju 72, na kwamba mpira ukipotea mwenyewe hupewa dakika 5 za kuutafuta. Siku hizi ni 3 tu, tangu sheria ibadilishwe mwaka 2019, lakini nasimulia ya wakati ule. Alisikiliza kwa makini. Alichokipenda ni hizo dakika tano.

Nilikuwa nimejiandaa kumtambulisha. Nilikuwa hata nimepanga sentensi, nikaifanyia mazoezi moyoni tulipokuwa tukivuka barabara: huyu ni dada yake baba, ndiye aliyenilea nilipokuwa nasoma. Lakini haikuwa zamu yangu. Mkata nyasi alizima mashine yake akaja kumwamkia. Mama aliyekuwa akifagia majani chini ya mbuyu aliweka fagio chini, wakashikana mikono, wakaulizana habari za watoto mmoja baada ya mwingine. Makedi watatu walipopita na mifuko mabegani waliamkia kwa pamoja kama wanafunzi. Katika uwanja mzima ule, ambamo mimi nilikuwa na kitambulisho cha plastiki shingoni chenye jina langu kwa herufi kubwa, hapakuwa na mtu aliyenijua, na hapakuwa na asiyemjua Shangazi. Meneja wetu, aliyekuwa akitembea nyuma yetu, aliyaona yote.

Kedi mmoja mzee, ambaye nadhani ndiye aliyekuwa akinunua mipira yetu ya wizi, alimwuliza kwa mshangao: "Na wewe huku umekuja na nani?"

Shangazi aligeuka, akanitazama kuanzia viatu hadi tai, kwa jicho lilelile alilolitumia mbele ya meza ya samaki.

"Nimekuja na kijana huyu," akasema. "Namfahamu."

Mzee akacheka. Shangazi naye akacheka, tena kwa ule mcheko wake wa kifuani ambao mtu hawezi kuuigiza. Mimi nilicheka wa mwisho. Nimeirudia dakika ile mara nyingi kuliko dakika nyingine yoyote ya ujana wangu, nami bado sijui kama alinichapa, au alinisamehe, au ndivyo alivyosema tu, kwa sababu ni neno la kawaida na kila mtu hulitumia.

Mpira aliuona yeye, ndani ya majani marefu kando ya mbuyu. Hakuugusa. Alimwuliza kwanza yule kedi mzee kama dakika za mwenyewe zimekwisha, na alipohakikishiwa kwamba zimekwisha zamani, aliinama, akauokota, akaufunga kwenye pindo la leso. Alikuwa na kuku mmoja mkaidi aliyekuwa akitagia vichakani, na alitaka aweke tengani yai la kumrudisha. Nilimwuliza kama kuku atadanganyika. "Hilo mwulize kuku," akanijibu, akaniachia kapu, akaenda zake kabla ya adhuhuri. Vitumbua niliviweka chini ya meza ya alama. Jioni meneja alivigundua, akala vinne, akauliza vimetoka wapi. Nilimwambia vimetoka nyumbani.

Miezi michache baadaye ulikuja uchaguzi na vurugu zake, watalii wakaondoka pwani, wafanyakazi wengi wa mahoteli wakarudishwa makwao, na mawakala wa makuti wakaacha kuja kwa muda mrefu. Nilikuwa nikimtembelea Shangazi kila nilipoweza. Mara mbili nilianza kuligusa jambo lile. Mara moja aliniambia nimshikie upapi, mara ya pili alikuwa amesinzia, au nilifikiri amesinzia.

Siku ya arobaini jirani yake alinishika mkono akasema, "Kumbe wewe ndiye yule wa hotelini! Alitusimulia mpaka tukakariri. Kitanda, mito, mpaka bata wa taulo." Nilitaka kumwuliza kama alisimulia pia habari za getini. Watu walikuwa wengi, sahani zilikuwa zikipitishwa, nikaipokea yangu.

Mtoto amekwisha kunawa mikono, amerudi, na sasa anataka kujua kama yule kuku alikuwa hajui. Mpira bado uko juu ya meza, karibu na kikopo cha chumvi. Meza yetu haijakaa sawa, na kila mtu anapoiegemea mpira huanza kubingirika kuelekea ukingoni, nami naunyoshea mkono.