Mwaka wangu na Tausi

Mwaka huu wote umeenda kwa mbwa, na nikisema wote namaanisha wote, maana hata kwenda Marangu kumsalimia bibi ilibidi kwanza nijue nani anabaki na Tausi. Ni jemani shepadi jike, nilimpata kwa mfugaji mmoja Kenya akiwa na makaratasi yake ya ukoo, na tangu siku ya kwanza nilitaka alinde nyumba hapa Moshono, Arusha, na pia aje asimame mbele ya jaji kwenye maonyesho ya mbwa. Watu wakanambia haiwezekani, mbwa wa ulinzi anafungwa mnyororo kutwa, hazoeshwi watu, usiku ukimfungua anakuwa moto. Sikukubali wakati ule na sasa hivi ndo sikubali kabisa.

Miezi ya mwanzo ni chanjo tu. Ugonjwa wa parvo hauna mchezo na watoto wa mbwa, anatapika, anaharisha damu, siku chache tu umempoteza, ndo maana wanaanza kuchomwa wakiwa na wiki sita hadi nane na inarudiwa mpaka wafike kama miezi minne. Jirani akaniuliza chanjo ya distempa ya nini wakati mbwa hatoki getini, nikamkumbusha Serengeti 1994, ugonjwa huohuo uliua karibu theluthi moja ya simba wa kule, simba kama elfu moja, na mbwa wa vijiji vya jirani ndo walioonekana kuwa chanzo. Wiki iliyofuata akampeleka wa kwake kwa daktari wa mifugo, nilifurahi sana.

Chakula ugali wa dona, dagaa, utumbo, basi. Kupe ndo kazi, hasa masika, kila jioni namlaza ubavu namkagua katikati ya vidole na ndani ya masikio, huko ndo wanapopenda kujificha, na homa ya kupe inaua.

Mafunzo nilisaidiwa na kaka mmoja aliyewahi kufanya kazi na mbwa wa kunusa kule Usa River, wale wanaofundishwa kutafuta meno ya tembo. Huyu kaka hapigi mbwa wala hapazi sauti. Alinambia, "Dada, kwanza mzoeshe dunia, ukali anao tayari." Basi tukawa tunaenda soko la Kilombero asubuhi likiwa limechangamka, boda zinapiga honi, mikokoteni inapita, wamama wanashusha ndizi, Tausi anakaa pembeni ya mguu wangu anaangalia tu, akitulia anapata kipande cha ini. Nyumbani watoto wa jirani nikawafundisha kumfungua mdomo na kumshika miguu nikiwa nimesimama hapohapo, wakawa wanaita, "Anti, leo tunamkagua meno?"

Maana kwenye onyesho ndo hicho kinachofanyika. Jaji humjui, mbwa hamjui, anakuja anafungua midomo anaangalia meno, yote 42 yawepo na ya juu yapite kidogo mbele ya yale ya chini, halafu anampapasa bega, mgongo, nyonga. Mbwa anasimamishwa mguu mmoja wa nyuma umerudi nyuma, kutoka kifundo kwenda chini umesimama wima, mwingine uko chini ya tumbo, na atulie hivyohivyo bila kunung'unika. Kisha mnazunguka ulingo nusu mbio, mnazunguka tena na tena mpaka mwenyewe unahema, na hapo ndo napenda kuliko pote, kwa sababu hawa mbwa tangu 1899 von Stephanitz alipoanzisha chama chao Ujerumani walikuwa wa kuchunga kondoo, kutwa nzima anazunguka kundi lisiingie shamba la mtu, kwa hiyo mwendo ndo kazi yenyewe.

Tulienda Nairobi kupitia Namanga, cheti cha chanjo ya kichaa, cheti cha afya na kibali vyote kwenye bahasha, pale mpakani karatasi zilisomwa moja moja. Kwenye onyesho pale Jamhuri Park tulitoka wa pili kwenye kundi letu. Jaji alisifia mwendo wa miguu ya nyuma na utulivu, akasema bega limesimama mno ndo maana hatua ya mbele ni fupi, na ni kweli, nikimwangalia akikimbia naliona.

Na ulinzi je? Mama wa maziwa anaingia asubuhi wanapishana getini bila shida. Usiku mtu akisogelea ukuta Tausi anabweka mpaka mtaa mzima uwashe taa. Mbwa aliyezoea watu anajua nani ni wa kawaida na nani si wa kawaida, yule wa mnyororo anabwekea kila kitu mpaka mnaacha kumsikiliza, na siku mnyororo ukikatika anamng'ata mtoto wa shule.

Sasa simu ni nyingi za wanaotaka watoto wake. Jamani, subirini. Kwanza apigwe eksirei ya nyonga, maana hawa wanarithishana ubovu wa nyonga, na hapandishwi kabla ya miaka miwili. Zikiwa safi natafuta dume mwenye bega lililolala vizuri, hata kama itabidi kuvuka Namanga tena.