Nilivyokagua draiva ya taa za LED isiyotakiwa kulala

Draiva ya taa za LED huonekana kazi ndogo kwenye keneli ya Linux, yaani kiini cha mfumo endeshi: washa, zima, ongeza mwanga, punguza. Wengi wanaoanza kuchangia keneli hupitia mlango huo, na mimi huwa napenda kukagua viraka vyao, yaani mabadiliko ya msimbo wanayoyapendekeza, kwa sababu hiyohiyo. Hiki ninachokisimulia kilihusu chipu yenye taa kumi na sita inayoendeshwa kwa njia ya I2C, waya mbili ambazo chipu huwasiliana kupitia. Msimbo ulikuwa safi na majina yalieleweka. Mwandishi wake alikuwa ameujaribu kwenye bodi yake, taa zote zikatii. Katika maelezo aliandika kwamba draiva yake haimsubirishi yeyote anayeiita, na hilo ndilo nililotaka kulihakikisha kabla ya jambo lingine lolote.

Ndani ya keneli, fanksheni inalala pale inapoiachia prosesa ikafanye kazi nyingine mpaka kile inachokingoja kitimie. Ikiwa imeitwa kwa niaba ya programu ya kawaida, hakuna tatizo. Tatizo linakuja ikiwa imeitwa na interapti (ishara ya kifaa inayoikatiza prosesa), au na taima ya keneli, au na msimbo ulioshika spinloki, kufuli ambalo anayelingoja huzunguka papo hapo bila kulala. Huko hakuna mchakato unaoweza kuwekwa pembeni kwa usalama na kuamshwa baadaye, kwa hiyo anayelala anaweza kuigandisha mashine nzima.

Na taa hizi huitwa kutoka huko kila wakati. Ukiandika heartbeat kwenye faili la trigger (triga, yaani kinachoiamuru taa iwake lini) la taa yoyote chini ya /sys/class/leds, taa inaanza kupiga kama moyo, na anayeiwasha na kuizima ni taima ya keneli. Kwa sababu hiyo, faili la include/linux/leds.h linampa mwandishi wa draiva milango miwili. Wa kwanza ni brightness_set, na maelezo yake yanakataza kabisa kulala. Wa pili ni brightness_set_blocking, kwa vifaa ambavyo haviwezi kuwashwa bila kusubiri. Mwandishi wetu alichagua wa kwanza.

Hapo nikapiga hesabu. I2C ya mwendo wa kawaida ni kilohezi 100. Kubadilisha mwanga wa taa moja kunahitaji baiti tatu: anwani ya chipu, namba ya rejista na thamani yenyewe. Kila baiti inachukua mapigo tisa, manane ya data na moja la kukiri kupokea. Jumla ni mapigo 27, yaani takriban maikrosekunde 270. Kwa prosesa ya gigahezi moja, muda huo ni mizunguko 270,000. Ndiyo maana draiva za I2C kwa kawaida hazikai kuutazama waya muda wote huo. Hulala, zikaamshwa na interapti data ikishapita. Kwa hiyo kabla sijausoma mstari wa nne nilijua pa kutazama.

Sikuusoma msimbo kutoka juu kwenda chini. Nilianzia chini, kwenye i2c_smbus_write_byte_data, fanksheni inayoandika thamani kwenye rejista ya chipu, nikawa napanda: nani anaiita hii, na huyo anaitwa na nani, na wakati huo ameshika nini? Kila fanksheni niliiandikia pembeni kama inaweza kulala au la. Nikitafuta walalaji huwa natazama mutex_lock, msleep, usleep_range, kmalloc yenye GFP_KERNEL, na gpiod_set_value_cansleep, ambayo angalau jina lake limejieleza lenyewe. Regmap, maktaba ya keneli ya kusoma na kuandika rejista, inahitaji uangalifu zaidi, maana kulala kwake kunategemea njia iliyo chini yake. Ndani ya brightness_set ya kiraka hiki nilikuta myuteksi, kufuli ambalo anayelikuta limeshikwa hulala mpaka liachiwe, na ndani ya myuteksi hiyo mawasiliano ya I2C.

Kwa nini basi taa zilitii kwenye bodi yake? Kwa sababu alizijaribu kwa echo, amri ya terminali ya kuandika maneno, kwenye faili la brightness. Amri ya terminali inafika kwenye draiva kama mchakato wa kawaida wenye ruhusa ya kulala. Jaribio hilo lingefaulu hata angelirudia mwaka mzima.

Sikutaka kumwandikia kwamba nahisi kuna tatizo. Maoni ya aina hiyo humchosha mwandishi na kuzaa mabishano yasiyokwisha. Nilijenga keneli yenye CONFIG_DEBUG_ATOMIC_SLEEP, chaguo linalomnasa anayelala pasiporuhusiwa, nikaweka draiva yake, nikawasha heartbeat. Keneli ikatoa ujumbe wake maarufu, «BUG: sleeping function called from invalid context», pamoja na orodha ya miito kuanzia kwenye taima hadi kwenye myuteksi yake. Nilimtumia orodha hiyo, na chini yake aya moja ya maelezo.

Toleo lililofuata lilikuwa limebadilisha myuteksi kuwa spin_lock_irqsave. Hapa nilimjibu kwa kirefu, maana ni kosa linaloeleweka: mtu anaambiwa myuteksi inalala, anatafuta kufuli lisilolala. Lakini mlalaji mkubwa alikuwa I2C, na sasa alikuwa amefungiwa ndani ya spinloki. Hata ile echo ya terminali iliyokuwa salama ikawa hatari. Nilimweleza kwamba aina ya kufuli huamuliwa na kazi inayofanyika ndani yake, na kazi hii haiwezi kuacha kusubiri.

Dawa ilikuwa kuirudisha myuteksi na kuhamia brightness_set_blocking. Kiini cha mfumo wa LED kikikosa brightness_set, huhifadhi thamani inayotakiwa, huweka kazi kwenye foleni na kumrudia aliyeita papo hapo. Baadaye kazi hiyo inatekelezwa mahali kulala kunaporuhusiwa. Zamani draiva nyingi zilijitengenezea foleni kama hiyo, kila moja na yake. Ikija mfululizo wa thamani haraka haraka, za katikati zinaweza kurukwa, na kwa taa hilo halina madhara.

Lilibaki jambo moja ambalo wakaguzi wengi hulipita, yaani kuondoka kwa draiva. Taa zilikuwa zimesajiliwa kwa devm_led_classdev_register, ambayo huzifuta baada ya remove, fanksheni ya draiva inayoitwa inapoondolewa, kumalizika, na kwa kawaida ufutaji huo huizima taa kwanza. Lakini remove ya kiraka hiki ilikuwa inaachia kumbukumbu ya draiva kwa mkono. Maana yake amri ya mwisho ya kuzima ingeigusa kumbukumbu iliyokwisha kuachiwa. Nilimwomba kumbukumbu hiyo nayo aiombe kwa devm, fanksheni za keneli zinazoachia vitu zenyewe draiva ikiondoka, ili mambo yafutwe kwa mpangilio wa kinyume na yalivyoombwa, kisha remove aiondoe kabisa.

Toleo la mwisho lilikuwa fupi kuliko la kwanza. Niliwasha heartbeat kwenye baadhi ya taa na timer kwenye zilizobaki, nikaiondoa moduli huku zikiwaka na kuzima, nikairudisha, nikaiondoa tena. Ukaguzi wote wa keneli ulikuwa umewashwa na dmesg, inayoonyesha ujumbe wa keneli, haikulalamika. Nikamwandikia Reviewed-by, alama kwamba nimekikagua kiraka na kukikubali, na nikamwomba kwenye maelezo ya kiraka ataje kwamba kimejaribiwa kwa triga, ili atakayekuja kuiga draiva yake aige na jaribio.