Zamu za kuatamia mayai kwenye baridi ya milima

Juzi nilitazama mara tatu mfululizo video fupi ya kiota cha tumbusi mwenye ndevu, kilichojengwa kwenye pango la mwamba na kutandikwa sufu, huku theluji ikimdondokea mgongoni ndege aliyekuwa akiatamia. Mwenzake alipotua ukingoni, yule wa kwanza aliinuka taratibu na kumpisha. Aliyefika aliingia kwa hatua fupi, vidole akiwa amevikunja kama ngumi ili kucha zisilitoboe yai, akaligeuza kwa mdomo, kisha akajilaza huku akijitikisa kushoto na kulia mpaka ngozi ya tumbo lake ilipogusana nalo. Kupokezana huko hakukumaliza dakika moja.

Haraka hiyo ina sababu. Kila ukipanda mita 1,000, joto la hewa hupungua kwa wastani wa nyuzi 6.5 za Selsiasi hivi, ilhali kiinitete (kifaranga kinachoanza kukua ndani ya yai) cha ndege wengi hukua vizuri yai likiwa na joto la takriban nyuzi 36 hadi 38, popote kiota kilipo. Yai likipoa chini ya nyuzi 26 hivi, ukuaji husimama. Kusimama kwa muda mfupi si lazima kuue, hasa katika siku za mwanzo. Kinachodhuru zaidi ni yai kukaa muda mrefu katika joto la katikati, ambalo linaruhusu kukua lakini si kwa mpangilio unaotakiwa. Yai dogo, kwa kuwa hupoteza joto upesi kuliko kubwa, humwachia mzazi nafasi finyu zaidi ya kwenda kutafuta chakula.

Tumbusi huyu hutaga katikati ya majira ya baridi katika milima ya Ulaya, naye huatamia kwa karibu miezi miwili. Ni vigumu kufikiri jinsi mzazi mmoja angeweza kulala juu ya yai muda wote huo na bado akaruka mbali kutafuta mifupa, ambayo ndiyo chakula chake kikuu, kwa hiyo dume na jike hupokezana.

Hata hivyo, nilikosea nilipodhani kwamba baridi peke yake ndiyo inayowalazimisha wazazi kugawana zamu. Ndege anayeatamia hunyonyoka manyoya sehemu ya tumbo, na ngozi hiyo tupu hujaa mishipa ya damu inayopeleka joto kwenye yai. Katika ndege wengi wadogo waimbaji, jike pekee ndiye anayepata sehemu hiyo. Dume asiyekuwa nayo akilalia mayai, huwa ni kama blanketi linalochelewesha kupoa tu. Ndiyo maana dume wa Anthus rubescens, ndege mdogo anayezaliana juu ya mpaka ambapo miti hukoma kuota katika milima ya Marekani Kaskazini, hapokei zamu ya kulalia mayai bali humletea jike chakula. Mimi naihesabu kazi hiyo kuwa sehemu ya kuatamia, kwa maana kila mdudu anayeletwa humpunguzia jike dakika za kuyaacha mayai wazi.

Aliyenivutia kuliko wote ni Nucifraga columbiana, ndege wa jamii ya kunguru wa milima ya magharibi mwa Marekani Kaskazini. Mwishoni mwa kiangazi na wakati wa vuli hukusanya mbegu za misonobari, akizibeba kwenye mfuko ulio chini ya ulimi, na kuzifukia ardhini kidogo kidogo, makumi ya maelfu kwa msimu mmoja. Hutaga mapema, mara nyingi mwezi Machi au Aprili, theluji ikiwa bado imetanda. Katika jamii ya kunguru kwa kawaida jike ndiye anayeatamia na dume humlisha, lakini dume wa ndege huyu hunyonyoka tumbo na kushika zamu kamili. Maelezo ninayoyaona yana uzito ni kwamba kila ndege anakumbuka mahali alipofukia mbegu zake mwenyewe: dume hawezi kwenda kufukua akiba ya jike, kwa hiyo inafaa zaidi akae juu ya mayai, jike aende mwenyewe kuchimba theluji.

Upande wa pili wa mizani yupo Eudromias morinellus, ndege anayetaga chini, mahali pa wazi, juu ya milima ya Scotland. Huko jike hutaga mayai 3 kwa kawaida na mara nyingi huondoka, na dume ndiye anayeatamia karibu muda wote kwa wiki tatu na zaidi, akijibana ardhini kwa utulivu kiasi kwamba mtu anaweza kumsogelea hadi zibaki hatua chache tu kabla hajanyanyuka.