Kupima Ucheleweshaji wa Keneli ya Wakati Halisi kwenye Kompyuta ya Mezani

Anayerekodi muziki kwenye Linux kwa bafa (hifadhi ndogo ya muda ya sauti) ya sampuli 64, katika kasi ya sampuli 48,000 kwa sekunde, ameipa kompyuta yake takribani milisekunde 1.3 za kumaliza kila mzunguko, na mzunguko mmoja tu ukichelewa sauti hukwaruza. Kwa sababu hiyo wastani, ambao wengi hupenda kuuonyesha, haunisaidii kitu; ninautafuta ucheleweshaji mkubwa kuliko wote.

Tangu toleo la 6.12 la mwaka 2024, PREEMPT_RT, yaani sehemu inayoifanya keneli (kiini cha mfumo endeshi) iwe ya wakati halisi, imo ndani ya keneli rasmi ya Linux, ingawa ni lazima ichaguliwe wakati wa kuijenga. Amri ya uname -v ikionyesha neno PREEMPT_RT, keneli inayotumika ndiyo yenyewe.

Kipimo chenyewe hufanywa na programu ya cyclictest, iliyomo katika mkusanyiko wa rt-tests:

cyclictest --mlockall --smp --priority=80 --interval=200 --distance=0

Amri hiyo huanzisha uzi mmoja (thread, yaani mfuatano mmoja wa kazi za programu) kwa kila kichakataji. Uzi hulala, huamka kwa saa iliyopangwa, kisha hupima kwa mikrosekunde umechelewa kiasi gani. Kompyuta ikiwa imetulia, matokeo hupendeza na hayana maana. Ni lazima ielemewe kwa programu za kuibebesha kazi kama stress-ng au hackbench, diski isomwe na kuandikwa, madirisha yafunguliwe, na kipimo kiachwe kwa saa nyingi, maana ucheleweshaji mbaya ndio ulio adimu. Lipo pia jambo ambalo wengi hawaliangalii: kwa kawaida cyclictest hushikilia faili la /dev/cpu_dma_latency na kukizuia kichakataji kisilale usingizi mzito, hivyo programu isiyofanya hivyo inaweza kuchelewa zaidi ya namba zinazoonekana.

Baadhi ya ucheleweshaji mkubwa, yaani mianya ya muda ambapo kichakataji hakipatikani, hautokani na keneli hata kidogo. Programu dhibiti ya ubao mama inaweza kukinyakua kichakataji kwa vikatizo vya SMI (System Management Interrupt), ambavyo mfumo endeshi hauwezi kuvizuia. Programu ya hwlatdetect huifichua mianya hiyo kwa kuzima vikatizo vya kawaida kwa vipindi na kuisoma saa mfululizo. Ikionekana, kubadilisha mipangilio ya keneli ni kupoteza muda: kwanza isasishwe BIOS, yaani hiyo programu dhibiti, kisha uzimwe uigaji wa kibodi za zamani kwa USB, na mianya ikibaki, ubadilishwe ubao mama.